Kwa nini mjamzito anaruka hospitali ya mkoa wake na kwenda kujifungulia mkoa wa jirani?

#1 Kijana wa Nduguti
Wakuu, salaam. Huku kwetu Mkalama, mkoa wa Singida, waulize wajawazito wa upande wa Mwangeza watajifungulia wapi. Wengi watakutajia Haydom. Haydom iko Mbulu, mkoa wa Manyara. Singida mjini, ilipo hospitali ya rufaa ya mkoa wao, hata hawaifikirii. Pale Haydom utawakuta pia akina mama wa Meatu waliotoka mkoa wa Simiyu, na wa upande wa Karatu waliotoka Arusha. Wodi moja, mikoa minne.

Serikali imejenga, tusiwe wachoyo wa kusema. Kuanzia mwaka wa fedha 2018/19 zilianza kujengwa hospitali 67 za wilaya kwa mpigo, na vituo vya afya vingi vimepata vyumba vya upasuaji. Bado watu wanavuka.

Msimamo wangu: wanafuata uhakika wa kupasuliwa saa nane usiku ikibidi. Mengine yote ni nyongeza. Anayepinga aje na hoja.

#2 Chausiku
Napinga. Umesahau mila. Mimba ya kwanza binti anarudi kwao, tena mama yake ndiye anayemwita. Mimi naishi Mwanza na nilikwenda kujifungulia Tabora. Hospitali sikuifikiria hata kidogo, nilimfikiria mama. Nani angenikanda, nani angenipikia uji, nani angemwogesha mtoto kitovu hakijakauka? Mume alikuwa kazini, na majirani wa nyumba ya kupanga kila mtu na lake. Kwangu safari ile ilikuwa ya arobaini, kujifungua kulikuwa siku moja tu ndani yake. Kwenye vitabu vya hospitali nimeandikwa mtu wa mkoa mwingine, basi.

#3 Dereva Noah
Mnatafuta sababu kubwa, sababu yenyewe ni gari. Mjamzito wa kijijini anakwenda gari linakokwenda. Kama gari za siku ya mnada zinaelekea mkoa wa jirani, hospitali yake ni ya mkoa wa jirani. Kwenda makao makuu ya mkoa wake aunganishe magari mawili, alale njiani, na mvua ikinyesha asifike kabisa. Nimewabeba sana. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza mpaka wa mkoa uko wapi.

#4 Mkunga Mstaafu
Wanangu, shikamooni zenu nimezipokea kabla hamjazitoa. Nimezeekea wodi ya wazazi, niruhusuni niandike kwa urefu.

Kijana wa Nduguti ana hoja, ila anawachanganya watu wawili. Yupo mama anayepanga. Huyu anafika mimba ikiwa na miezi minane na nusu, kadi ya kliniki imejazwa vizuri, ana begi na ndugu wa kumpikia, anakaa chigonela, ile nyumba ya wajawazito jirani na hospitali, kusubiri siku zake. Yupo na mama anayekimbizwa. Huyu ameanza uchungu jana kwenye zahanati, njia imegoma, wamempeleka kituo cha afya, kituo kimemwambia hapa hatuwezi, sasa anavuka mkoa usiku na barua ya rufaa au bila barua. Wote wawili kwenye rejesta wanaandikwa "nje ya mkoa". Wa kwanza amechagua. Wa pili hakuna alichochagua.

Kuhusu upasuaji: jengo halipasui mtu. Niliwahi kufanya kazi mahali penye chumba kizuri cha upasuaji, vigae vinang'aa, taa zote zinawaka. Mtaalamu wa usingizi alikuwa mmoja. Akienda likizo, chumba kimefungwa. Akiumwa, chumba kimefungwa. Akinamama wa pale walijua ratiba yake kuliko mganga mfawidhi. Halafu damu. Mama akitoka damu nyingi baada ya kujifungua, una muda mfupi sana wa kumwokoa. Kama chupa za damu hakuna, hata daktari bingwa atabaki kushika mikono yake. Taarifa za namna hii zinafika kijijini haraka: fulani alipelekwa pale, hakurudi. Baada ya hapo kijiji kizima hakirudi pale kwa miaka.

#5 Mzee wa Takwimu
Uzi mzuri. Niongeze jambo ambalo hamjaligusa: mipaka yenyewe inahama. Haydom ilikuwa mkoa wa Arusha mpaka Manyara ilipoanzishwa mwaka 2002. Meatu ilikuwa Shinyanga mpaka Simiyu ilipozaliwa 2012, mwaka ule ule wa Geita, Katavi na Njombe. Vwawa ilikuwa Mbeya mpaka Songwe ilipoanzishwa 2016. Kwa hiyo mama wa Vwawa aliyejifungulia Mbeya mjini mwaka 2015 alikuwa ndani ya mkoa wake. Mdogo wake akienda pale pale kwa barabara ile ile mwaka 2017, tunamwita "mvuka mkoa". Familia haijabadili chochote.

Pili, hesabu. Idadi ya wajawazito wanaotarajiwa kwenye halmashauri inakadiriwa kutokana na sensa. Wanaojifungua wanahesabiwa pale walipojifungulia. Ndiyo maana kuna halmashauri zenye hospitali kubwa ambazo asilimia ya waliojifungulia kituoni inapita mia, na jirani yake inaonekana akinamama wake wanazalia nyumbani. Kiongozi wa halmashauri ya pili anaulizwa kwenye kikao kwa nini hahamasishi, kumbe watu wake wamevuka mto tu. Na vifo ni hivyo hivyo. Mama aliyecheleweshwa mkoa mmoja akafia mkoa mwingine, kifo kinaonekana kule alikofia.

Kitaifa hali imebadilika sana. Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto wa 2015/16 ulionyesha asilimia 63 ya watoto walizaliwa vituoni. Ule wa 2022 ukaonyesha 81. Vifo vya uzazi vikatoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000.

#6 Sisimizi
Mzee wa Takwimu huyu ukimwalika harusini atahesabu sahani kabla ya kula, tumpende hivyo hivyo. Ila mzee, hiyo 104 isimame na mwenzake. Makadirio ya mashirika ya Umoja wa Mataifa kwa mwaka 2020 yaliiweka Tanzania kwenye 238. Kupungua vimepungua, sikatai, ila namba ni mbili.

#7 Mzee wa Takwimu
@Sisimizi sahani nitazihesabu na yako nitaiandika. Namba zote mbili ni halali, mbinu ndizo zinatofautiana. Utafiti wa kaya unawauliza watu juu ya dada zao waliofariki, na kwa tukio lisilotokea kila nyumba ukingo wa makosa unakuwa mpana. Mwelekeo ni wa kushuka kwa vyanzo vyote viwili. Turudi kwenye mada.

#8 Binti Mbozi
Mzee wa Takwimu umenitaja bila kujua, mimi ni wa Mbozi. Kwetu wengi bado wanasema "naenda Meta", maana yake wodi ya wazazi ya Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Mama alijifungulia Meta, dada zangu Meta. Songwe sasa ina hospitali yake ya rufaa, na mdogo wangu alijifungulia hapa hapa salama. Lakini shangazi alimnunia mwezi mzima kwamba amejidhulumu.

Sababu yangu mimi haijatajwa hapo juu, nayo ni ulimi wa watoa huduma. Kwenye kituo kimoja ambacho sitakitaja nilipigiwa kelele mbele ya mkwe wangu kwa sababu nililia. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mimba ya pili nilivuka mkoa, na ningevuka miwili kama ingebidi. Huko nilikokwenda hapakuwa na mashine za ajabu. Walinisalimia, wakaniuliza jina langu, wakaniambia wanachofanya kabla hawajakifanya. Kijana wa Nduguti weka na hilo kwenye orodha, upasuaji sikuuhitaji wala sikuuwaza.

#9 Chausiku
@Binti Mbozi pole mdogo wangu. Hili wanaume hawaliandiki kwa sababu wao wanasubiri nje.

#10 Mpwani Halisi
Huku Mkuranga tunaambiwa tunajaza wodi za Dar es Salaam. Tuko mkoa wa Pwani, lakini wa kata za huku jirani na Mbagala mkoa wetu tunausikia redioni. Soko letu Mbagala, shule za watoto Mbagala, ndugu Mbagala. Kibaha, yaliko makao makuu ya mkoa, inabidi uipite Dar es Salaam ndiyo uifikie. Mjamzito gani ataipita hospitali ya Rangi Tatu, avuke jiji zima na foleni zake, ili tu awe ametii ramani?

Na wenzetu wa Mafia nao ni Pwani. Wao kabla ya barabara kuna bahari.

#11 Dereva Noah
Mpwani Halisi umemaliza. Gari.

#12 Sisimizi
Kwa Dereva Noah kila tatizo la taifa linatibiwa na Noah.

#13 Dereva Noah
@Sisimizi siku ukiumwa usiku utanitafuta, na nitakuja, na njiani hutanicheka. Nisikilizeni kuhusu daraja. Pale Kamsamba, Momba, lilipojengwa daraja kuvuka mto kwenda Kilyamatundu upande wa Rukwa, mambo yalibadilika. Zamani masika yakikolea mto unakata watu. Sasa mgonjwa wa Songwe anaweza kuvuka kwenda Rukwa na wa Rukwa akavuka kuja Songwe. Hospitali zilibaki zile zile na wauguzi wale wale. Kilichoongezeka ni daraja, na watu wakabadili hospitali. Daraja la Sibiti kati ya Mkalama na Meatu ni habari hiyo hiyo. Kijana wa Nduguti shahidi.

#14 Kijana wa Nduguti
Nashuhudia. Kabla ya Sibiti kuwa na daraja mtu wa Meatu kuja upande wetu wakati wa mvua ilikuwa kubahatisha uhai. Lakini mkuu, daraja linaeleza namna wanavyovuka. Mimi nimeuliza kwa nini wanavuka.

#15 Kijana wa Emali
Hamjambo majirani. Mimi niko Makueni, Kenya, mniruhusu niingie. Kwetu mipaka inauma zaidi kwa sababu tangu 2013 afya ni kazi ya kaunti, na kaunti ni 47, kila moja na bajeti yake na gavana wake. Juni 2013 serikali kuu ilitangaza kujifungua bila malipo katika hospitali za umma. Baadaye mpango ukapelekwa NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, kwa jina la Linda Mama, na Oktoba 2024 NHIF yenyewe ikaipisha SHA, mamlaka mpya ya bima hiyo.

Ubora wa Linda Mama ulikuwa kwamba pesa ilimfuata mama. Ukitoka Kajiado ukajifungulie Pumwani, Nairobi, hospitali inadai kwa huduma iliyokupa. Hospitali zililia malipo kuchelewa, hilo ni kweli. Lakini angalau hakuna aliyeuliza umetoka kaunti gani.

Sasa linganisha na Makueni Care ya gavana Kibwana, iliyoanza 2016. Kaya ilikuwa ikilipa shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti. Masharti: uwe mkazi. Na ni lazima iwe hivyo, kwani pesa ni ya kaunti. Jirani wa Kitui au Machakos aliye karibu na hospitali yetu kuliko yake afanyeje? Watu walikuja wakisema ni wa huku. Siwezi kuwalaumu.

Kwa hiyo swali langu kwenu: huko Tanzania mama akivuka mkoa, nani anabeba gharama?

#16 Mkunga Mstaafu
@Kijana wa Emali karibu, umeuliza swali lenyewe. Kisera kwetu mjamzito hachangii huduma za uzazi katika kituo cha umma, awe ametoka mkoa wowote. Msamaha huo ni wa tangu enzi za kuanzishwa uchangiaji miaka ya 1990, na Sera ya Afya ya 2007 ikausisitiza. Hakuna muuguzi anayeruhusiwa kumrudisha mama kwa sababu ya mkoa.

Ugumu uko nyuma ya pazia. Tangu 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa wafadhili wa afya zinakwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na mgao unatazama pia idadi ya watu wa eneo la kituo. Wewe una watu wako walioandikwa, halafu wanakuja wengine ambao hawako kwenye hesabu yako. Glovu ulizoagiza za miezi mitatu zinaisha kabla. Sindano za kuzuia damu zinaisha. Ndipo mama anaambiwa nunua. Anayemwambia hivyo si mwizi siku zote. Kabati lake ni tupu, na lilikuwa tupu kabla mama huyo hajafika.

#17 Wakili Pori
Niweke sawa jambo moja, maana tumeanza na Haydom. Haydom ni hospitali ya Kanisa la Kilutheri, iliyoanzishwa na wamisionari wa Norwei mwaka 1955. Imeingizwa kwenye mfumo wa rufaa wa serikali, lakini mmiliki si serikali. Hospitali za namna hii zinatoa huduma bure kwa wajawazito pale zinapokuwa na mkataba wa huduma na halmashauri, na halmashauri ndiyo inayolipia. Hapo ndipo mpaka unapopata meno. Mkataba ni wa halmashauri fulani kwa watu wake. Mama wa mkoa mwingine anaweza kukuta mwenzake wa kitanda cha pili hajalipa na yeye ana ankara. Inategemea mkataba, mwaka, na kama halmashauri imelipa deni lake la nyuma.

Kwa hiyo Kijana wa Nduguti, watu wako wanavuka mkoa kwenda mahali ambapo huenda watalipa, wakati kwao ni bure. Hilo linaunga mkono hoja yako. Na linaunga mkono ya Binti Mbozi pia.

#18 Baba Pacha
Nilikuwa msomaji tu, leo naandika. Mke wangu alikuwa na pacha, wa kwanza amelala vibaya. Hospitali ya wilaya yetu walikuwa waungwana, wakatuambia ukweli mapema: hapa mtoto mmoja akihitaji joto na oksijeni hatuna pa kumweka. Wakatuandikia rufaa kwenda ngazi ya juu ndani ya mkoa. Mimi nikakataa, nikampeleka mkoa wa pili kwa dada yangu, kwa sababu kule nilikoelekezwa sikuwa na mtu hata mmoja. Nani angelala na mgonjwa? Nani angeleta chakula? Hospitali zetu mgonjwa bila ndugu ni mateso. Watoto wako darasa la pili sasa.

Kwa hiyo upasuaji uko ndani yake, na ndugu wako ndani yake, na gari la shemeji liko ndani yake. Sijui mtaniweka kundi gani.

#19 Sisimizi
Baba Pacha hongera kwa wawili. Mzee wa Takwimu atakuweka kwenye safu ya "mengineyo".

#20 Mzee wa Takwimu
Nitamweka mara mbili, ana pacha.

#21 Chausiku
Nitoke nje ya mada kidogo. Mtoto aliyezaliwa mkoa mwingine cheti chake kinaandikwaje? Wangu nilisumbuka.

#22 Wakili Pori
Mahali pa kuzaliwa ni pale alipozaliwa, si kwa baba wala kwa mama. Hakikisha unaondoka wodini na tangazo la kizazi. Kwa watoto wa chini ya miaka mitano RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, wana mpango, ulioanzia Mbeya 2013 na kusambazwa mkoa baada ya mkoa, unaowezesha mtoto kusajiliwa kwenye kituo cha tiba au ofisi ya kata. Wengi wanaovuka mkoa wanaondoka haraka kuwahi gari, karatasi inasahaulika, halafu mtoto akifika umri wa shule ndiyo baba anafunga safari.

#23 Dereva Noah
Mbona hakuna aliyetaja 115? Mfumo wa m-mama. Unapiga bure, wanatuma gari la wagonjwa, na kama halipo wanampa kazi dereva wa jamii aliyesajiliwa na analipwa kwa safari. Ulianzia Kanda ya Ziwa, Sengerema na Shinyanga, na Rais Samia akauzindua kitaifa Dodoma Aprili 2022. Kwa madereva wa vijijini ni heshima kubwa.

#24 Mkunga Mstaafu
@Dereva Noah asante kwa kuutaja, ila watu wauelewe. 115 ni ya dharura: mjamzito, mama ndani ya siku 42 baada ya kujifungua, na mtoto mchanga ndani ya siku 28. Gari litampeleka kituo kinachoweza kumsaidia kwa tatizo alilonalo. Halikuja kumpeleka kwa mama yake Tabora. Na uratibu uko ngazi ya mkoa, kwa hiyo mara nyingi safari inapangwa ndani ya mkoa.

#25 Kijana wa Nduguti
Hapo sasa. Kama kituo cha karibu chenye uwezo kiko mkoa wa jirani, mratibu anampeleka wapi?

#26 Mkunga Mstaafu
Anayejua kazi yake anapiga simu ng'ambo na mama anavushwa. Nimeona ikifanyika vizuri sana. Nimeona pia watu wakibishana simuni mama akiwa kitandani. Kunatakiwa makubaliano ya maandishi kati ya mikoa jirani, yafanywe mapema, mchana, watu wakiwa wametulia.

#27 Mpwani Halisi
Na fedha zifuate, mama. Makubaliano bila glovu ni salamu.

#28 Binti wa Mwanhuzi
Samahani kuingilia. Wifi yangu yuko Meatu vijijini, wiki ya 34, alipasuliwa mimba iliyopita. Familia imegawanyika, wengine wanasema ajifungulie hapa wilayani, wengine wavuke Sibiti. Nawasoma tangu jana na sijapata jibu moja.

#29 Mkunga Mstaafu
Mwanangu, mwenye kovu asikae kusubiri uchungu umkute kijijini, iwe upande huu au ule. Wiki hii apelekwe hospitali ya wilaya aonwe na daktari. Ulizeni maswali matatu pale pale: upasuaji unafanyika usiku na siku za mapumziko? Damu ya kundi lake ipo? Mtaalamu wa usingizi yupo mwezi ujao? Majibu yakiwa ndiyo, abaki karibu na ndugu zake. Jibu moja likiwa hapana, mwombeni daktari barua ya rufaa, ahame kabla ya wiki ya 37 akakae chigonela au kwa ndugu aliye jirani na hospitali mtakayoelekezwa. Kadi ya kliniki isitoke mkononi mwake. Na 115 iandikwe kwenye simu za wote nyumbani, pamoja na ya jirani mwenye pikipiki.

#30 Binti wa Mwanhuzi
Asante mama. Kesho asubuhi tunakwenda kuuliza.

#31 Dereva Noah
Mkihitaji gari la kutoka Mwanhuzi semeni, nina wenzangu njia hiyo.